Metformini na nishati ya seli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila anayegundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili huandikiwa metformini, na wengi huimeza miaka nenda miaka rudi bila kuelezwa inafanyaje kazi. Huambiwa tu kwamba inashusha sukari. Mimi ni mfamasia, na maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa dirishani. Mengine huulizwa kwa sauti ya chini, mtu akiwa ameshageuka kuondoka. Hapa nimeyajibu kwa kirefu kuliko foleni inavyoniruhusu.

Utaona majibu mengi yanarudi mahali pamoja: dawa hii huibana kidogo nishati ya seli, hasa seli ya ini. Ukiuelewa mbano huo utajua kwa nini sukari inashuka, kwa nini tumbo linasumbua, na kwa nini daktari hachoki kuulizia figo zako.

Ni kweli metformini inakula sukari iliyo kwenye damu?

Hapana, ingawa jina ndilo lililotupotosha. Daktari Mfaransa Jean Sterne, aliyechapisha mwaka 1957 matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari dawa hii, aliiita Glucophage, yaani mla glukosi. Lakini dawa haikutani na sukari kwenye damu ikaimaliza. Wala hailisukumi kongosho litoe insulini zaidi. Inachofanya hasa ni kupunguza sukari inayoingia kwenye damu kutoka ndani ya mwili wenyewe, na anayeiingiza ni ini lako.

Ini langu linatengeneza sukari? Kwa nini?

Kwa sababu ubongo haulali. Ubongo wa mtu mzima hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku, na hauwezi kungoja mpaka ule. Ini huweka akiba ya glukosi iitwayo glikojeni. Akiba hiyo inapopungua usiku, ini huanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu vilivyobaki baada ya kazi nyingine: laktati kutoka kwenye misuli na chembe nyekundu za damu, gliseroli kutoka kwenye mafuta, na baadhi ya asidi amino. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini huliambia ini kwamba sasa inatosha. Katika kisukari cha aina ya pili ini halisikii vizuri agizo hilo, kwa hiyo linaendelea kuzalisha hata damu ikiwa imeshajaa sukari.

Mzee mmoja aliwahi kunifungulia daftari lake la vipimo dirishani. Kabla ya kulala aliandika 7.8. Asubuhi, kabla hata ya kunywa maji, 9.6. Akanikazia macho. "Mwanangu, mimi nimelala. Sijatia kitu mdomoni. Hii imetoka wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole chini ya mbavu za kulia: "Imetoka hapo, baba."

Na kazi hiyo ya ini haifanyiki bure. Kuunganisha molekuli mbili za laktati mpaka ziwe glukosi moja huigharimu seli molekuli sita za nishati. Seli ya ini hulipia gharama hiyo kwa kuchoma mafuta ndani ya mitokondria zake, vile viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati. Ukizigusa mitokondria, umeugusa mfuko unaogharamia sukari ya asubuhi.

Nishati ya seli ni kitu gani hasa?

Ni molekuli iitwayo ATP. Ina mkia wa fosfati tatu, na seli ikitaka kufanya kazi yoyote, iwe ni kukunja msuli, kusukuma chumvi nje au kujenga protini, huikata fosfati moja na kutumia nguvu inayotoka. Hapo ATP hugeuka kuwa ADP, yenye fosfati mbili. Nayo ADP inaweza kufikia kuwa AMP, yenye fosfati moja tu.

Ifikirie ATP kama noti nzima, na AMP kama sarafu ya mwisho mfukoni. Mwili hauna akiba kubwa ya noti hizi. Ulizo nazo sasa hivi hazifiki hata robo kilo, lakini kwa kuwa kila moja huchajiwa upya na kutumika tena mara nyingi mno, jumla ya ATP inayozunguka mwilini kwa siku inakaribia uzito wako mwenyewe. Mitokondria ndiyo mahali pa kuchajia. Glukosi moja ikivunjwa bila mitokondria huleta ATP mbili. Ikichomwa kikamilifu ndani yake kwa oksijeni, huleta kama 30.

Kidonge kinafikaje mpaka ndani ya mitokondria?

Safari hii naipenda. Tuseme umemeza kidonge cha miligramu 500 wakati wa chakula. Karibu nusu tu ya dawa hiyo itavuka ukuta wa utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu. Nyingine inabaki tumboni. Metformini huyeyuka vizuri kwenye maji, na ndani ya mwili hubeba chaji chanya, kwa hiyo haiwezi kujipenyeza yenyewe kwenye utando wa seli, ambao ni wa mafuta. Inahitaji mlango. Ini lina protini iitwayo OCT1 inayofanya kazi hiyo. Misuli haina milango hiyo kwa wingi kama ini, na hiyo ni sababu mojawapo ya ini kuwa ndilo linaloguswa zaidi. Isitoshe, damu inayotoka kwenye utumbo hupitia kwenye ini kwanza kabla ya kwenda kwingine kokote, kwa hiyo ini huipata dawa ikiwa bado nyingi.

Ikishaingia ndani ya seli, chaji ile ile inageuka kuwa msaada. Ndani ya mitokondria kuna hasi zaidi kuliko nje, na chanya huvutwa na hasi. Dawa hujikusanya humo polepole, saa baada ya saa, mpaka kiwango chake kinapita kwa mbali kile cha kwenye damu.

Halafu inatoka kama ilivyoingia. Ini haliivunjivunji metformini kama linavyofanya kwa dawa nyingine nyingi. Figo huichuja na kuitoa kwenye mkojo ikiwa nzima, na kiwango chake kwenye damu hupungua nusu kila baada ya kama saa sita. Likumbuke hili tutakapofika kwenye swali la figo.

Ikishafika humo inafanya nini?

Ndani ya utando wa mitokondria kuna mashine nne kubwa zilizopangwa kwa mnyororo. Elektroni zinazotokana na chakula hupokezanwa kutoka mashine moja hadi nyingine na mwishowe hukabidhiwa kwa oksijeni. Njiani, nguvu yake hutumika kusukuma protoni upande wa pili wa utando, nazo protoni zikirudi kwa kasi huzungusha mtambo unaotengeneza ATP. Mashine ya kwanza, kompleksi ya kwanza, ndiyo kubwa kuliko zote: kwa binadamu ina sehemu 45 za protini. Inapokea elektroni kutoka kwa NADH, molekuli inayozibeba kutoka kwenye chakula kilichovunjwa.

Mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yalionyesha kwamba metformini huipunguza kasi kompleksi ya kwanza. Haiisimamishi. Kuna sumu iitwayo rotenoni, iliyokuwa ikitumika kuua wadudu na samaki, ambayo huikaba mashine hiyo hiyo moja kwa moja. Metformini huishika kwa ulegevu na huiachia. Tena ina breki yake yenyewe: mashine ikipungua kasi, ile hasi ya ndani hupungua nayo, na mvuto unaoingiza dawa zaidi hulegea. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo siri ya dawa hii kutumika kwa miongo mingi kwa mamilioni ya watu bila kuwadhuru.

Kwa hiyo ni sumu ndogo?

Swali hili huulizwa na watu waliosoma kidogo wakaogopa, na nawaelewa. Kuipunguza kasi mashine kwa kiasi ambacho seli inaweza kujirekebisha si sawa na kuikaba. Unapopanda ngazi kwa haraka, seli za misuli yako nazo hupungukiwa na nishati kwa muda, na mwili hunufaika kwa jinsi unavyoitikia. Dozi na hali ya figo ndivyo vinavyoamua kama mbano unabaki kuwa tiba.

Seli inajuaje kwamba nishati imepungua?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Seli inalo daftari, na mshika daftari ni kimeng'enya kiitwacho AMPK.

Ujanja wake ni kwamba hakihesabu noti, kinahesabu sarafu. ATP ikipungua kidogo, kiasi ambacho ni vigumu kukigundua, seli hujaribu kuziba pengo kwa kuchukua ADP mbili na kuzigeuza kuwa ATP moja na AMP moja. Kwa kuwa AMP kwa kawaida ni chache sana, ongezeko hilo dogo huizidisha mara kadhaa. AMP hujibandika kwenye AMPK na kuiamsha.

AMPK ikiamka hukata matumizi na kuongeza mapato. Huzuia utengenezaji wa mafuta na kolesteroli, hupunguza ujenzi wa protini, na hufungulia uchomaji wa mafuta yaliyopo. Kimeng'enya kimoja kinachoanzisha ujenzi wa mafuta, kiitwacho ACC, huzimwa kwa kubandikwa fosfati mahali maalumu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya panya wanene ambao sehemu hiyo ya kubandikia ilibadilishwa ili AMPK isiweze kukizima. Panya hao walipewa metformini na usikivu wao kwa insulini haukuboreka, wakati wenzao wa kawaida uliboreka. Jaribio hilo lilinifungua macho: sehemu ya faida ya dawa hii inapitia kwenye mafuta ya ini, na ini likipungua mafuta huisikia insulini vizuri zaidi.

Basi AMPK ndiyo jibu lote?

Kwa miaka kadhaa tulifundishwa hivyo. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba metformini inaiamsha AMPK, na vitabu vikaandikwa upya. Kisha mwaka 2010 ikaonyeshwa kwamba panya ambao ini lao limenyimwa AMPK bado sukari yao inashuka wakipewa metformini. Ikabidi watu warudi kuangalia nishati yenyewe. AMP ikiongezeka huweza kufanya kazi hata bila mshika daftari: huzuia moja kwa moja kimeng'enya kimojawapo kwenye njia ya kutengenezea glukosi, na hulifanya ini lisitikise kichwa kila glukagoni, homoni inayoliamuru litoe sukari, inapopiga hodi.

Mwaka 2014 yakaja maelezo mengine: kwamba metformini huzuia kimeng'enya cha mitokondria kinachosaidia kuondoa mrundikano wa elektroni nje ya mitokondria. Elektroni zikirundikana, laktati na gliseroli haziwezi kugeuzwa kuwa sukari, kwa sababu hatua za mwanzo zinahitaji mahali pa kuzitua elektroni. Na mwaka 2022 kundi jingine likaonyesha njia ya kuiamsha AMPK bila nishati kupungua kabisa, kupitia protini iitwayo PEN2 na lisosomu, vile vifuko vya seli vinavyomeng'enya taka.

Ubishi huu una chanzo kimoja ambacho msomaji anapaswa kukifahamu, kwa sababu kitamsaidia kusoma habari yoyote ya afya. Majaribio mengi ya maabara yalimwagia seli metformini nyingi mno, mara kumi au mara mia ya ile inayopatikana kwenye damu ya mgonjwa. Kwa kiasi hicho kompleksi ya kwanza inabanwa waziwazi. Kwa kiasi cha mgonjwa mbano ni mdogo, na njia nyingine zinaweza kuwa zinatangulia. Mimi naamini njia hizi zinafanya kazi pamoja kwa viwango tofauti, na kwamba zinakutana kwenye uamuzi mmoja wa seli ya ini: nishati iliyopo isitumike kutengeneza sukari ambayo haihitajiki.

Kwa nini metformini peke yake haimwangushi mtu kwa sukari kushuka mno?

Kwa sababu haiongezi insulini. Dawa zinazolisukuma kongosho zinaweza kuendelea kulisukuma hata sukari ikiwa chini. Metformini hupunguza tu kile ambacho ini linatoa kupita kiasi, na ini likiona hatari bado linaweza kutoa. Ukiitumia pamoja na insulini au dawa za kundi la sulfonilurea, hatari ipo, lakini inatoka kwa hizo nyingine.

Mbona tumbo linanisumbua? Kuhara, gesi, kichefuchefu.

Kwa sababu utumbo unaipata dawa nyingi kuliko kiungo kingine chochote. Kwenye ukuta wa utumbo kiwango cha metformini huweza kuwa mara 30 hadi 300 ya kile cha kwenye damu. Mbano wa nishati niliouelezea hapo juu unatokea humo kwa nguvu zaidi.

Seli za utumbo zikibanwa hivyo hufanya kile ambacho seli yoyote hufanya mitokondria ikipunguzwa: huongeza uvunjaji wa glukosi kwa njia ya haraka isiyohitaji oksijeni, ile ya ATP mbili. Hunyonya glukosi nyingi kutoka kwenye damu na kutoa laktati. Jambo hili linaonekana kwa macho. Mgonjwa wa saratani anayetumia metformini akipigwa picha ya PET, inayotumia glukosi yenye mionzi ili kuonyesha sehemu zinazokula sukari nyingi, matumbo yake huweza kung'aa kwenye picha kiasi cha kuficha uvimbe ulio karibu. Ndiyo sababu vituo vingi humwomba asimamishe dawa kwa siku mbili kabla ya kipimo. Kwa hiyo, ndani ya utumbo angalau, lile jina la mla glukosi lina ukweli kidogo.

Wengi huzoea baada ya wiki chache. Kinachosaidia ni kuanza na miligramu 500 mara moja kwa siku, kumeza katikati ya chakula au mara tu baada ya kula, na kupandisha dozi taratibu, wiki kwa wiki. Ikishindikana, omba vidonge vinavyoachia dawa polepole. Hivyo usivivunje wala kuvitafuna. Na usishtuke ukiona ganda la kidonge chooni: dawa imeshatoka, lililobaki ni kasha tu.

Nimesoma kuhusu asidi ya laktiki. Niogope?

Ijue, na ujue lini ina uzito.

Laktati, ambayo ndiyo sura ya asidi ya laktiki ndani ya damu, si taka. Misuli, ngozi na chembe nyekundu za damu huitoa kila saa, na ini huipokea na kuigeuza kuwa sukari. Metformini inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaufanya utumbo utoe laktati zaidi kidogo, na inalifanya ini liipokee kwa ulegevu zaidi kidogo. Kwa mtu mwenye figo nzuri kiwango chake hubaki salama kabisa.

Hofu yenyewe ilitokana na ndugu yake metformini, fenformini. Zote mbili ni za kundi la biguanidi, na zote huibana kompleksi ya kwanza. Lakini fenformini hupenda mafuta, kwa hiyo hujipenyeza kwenye tando bila kuhitaji mlango, huibana mitokondria kwa nguvu, na wapo watu ambao ini lao haliivunji haraka kwa sababu za kurithi. Watu walikufa kwa asidi kujaa kwenye damu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaondolewa kwenye maduka ya dawa ya Marekani na nchi nyingine nyingi. Metformini ililipia makosa ya ndugu yake: Marekani haikuiidhinisha mpaka Desemba 1994, wakati Ulaya ilikuwa imeshaitumia kwa zaidi ya miaka 30.

Kwa metformini tatizo hili ni nadra sana, chini ya watu 10 kwa kila watumiaji 100,000 kwa mwaka, na karibu kila mara kuna kitu kingine kilichotangulia: figo zimefeli ghafla, ini limeharibika, moyo umeshindwa kusukuma damu, au maambukizi makali yameenea mwilini. Dalili zake ni kuhema kwa nguvu na haraka, maumivu ya tumbo, kutapika, misuli kuuma, mwili kuwa baridi, usingizi usio wa kawaida. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asingoje kukuche.

Kwa nini kila mara napimwa figo wakati ugonjwa wangu ni sukari?

Nilikuambia figo ndizo mlango pekee wa kutokea. Zikichuja kidogo, dawa ya leo inaikuta ya jana bado ipo, na mbano uliokuwa mdogo unaongezeka siku hadi siku bila wewe kuongeza kidonge hata kimoja.

Kwenye majibu ya maabara tafuta namba iitwayo eGFR, inayokadiria figo zinachuja kwa kasi gani. Ikiwa chini ya 30, metformini haitumiki. Ikiwa kati ya 30 na 45, haianzishwi kwa mgonjwa mpya, na aliyekuwa akiitumia daktari hupima upya faida na hatari, mara nyingi kwa kumpunguzia dozi. Ukienda kupigwa picha ya CT yenye kuchomwa dawa ya rangi kwenye mshipa, waambie kabla kwamba unatumia metformini, kwa kuwa rangi hiyo inaweza kuziumiza figo kwa muda.

Na pombe?

Ini likivunja pombe hurundika NADH. Ini hilo hilo linahitaji kuituliza laktati kwa kutumia NAD, yaani molekuli hiyo hiyo ikiwa haijabeba elektroni. Pombe nyingi pamoja na metformini ni kulibana ini pande zote mbili. Unywaji wa kupindukia, hata wa usiku mmoja, ndio ninaoukataza bila kumung'unya maneno.

Najisikia mchovu. Ni kwa sababu dawa inapunguza nishati?

Wazo hilo linaingia akilini, lakini mbano wa dozi ya kawaida uko zaidi kwenye ini na utumbo, na misuli inapata kidogo. Kabla ya kuilaumu mitokondria, pima vitamini B12. Metformini ikitumika miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa vitamini hii, na upungufu wake huleta uchovu, upungufu wa damu, na ganzi au michomo ya miguu. Hiyo ganzi ndiyo inayoniuma, kwa sababu hufanana kabisa na ile inayoletwa na kisukari chenyewe, na mtu anaweza kuambiwa kwa miaka kwamba ni sukari kumbe ni vitamini inayotibika. Kama umeitumia kwa miaka minne au mitano na hujawahi kupimwa B12, omba kipimo hicho.

Inasaidiana na mazoezi au inayapinga?

Yote mawili, kutegemea unapima nini. Mazoezi nayo huiamsha AMPK, kwa misuli kutumia ATP kwa kasi. Lakini mitokondria huongezeka na kuimarika kwa kufanyishwa kazi, na ukiibana wakati huo huo, baadhi ya maendeleo hupungua. Mwaka 2019 zilitoka tafiti mbili za watu wazima wenye umri mkubwa: katika moja, waliotumia metformini walipata ongezeko dogo zaidi la pumzi baada ya wiki kadhaa za mazoezi, na katika nyingine misuli yao ilikua kidogo kuliko ya wenzao waliokuwa wakinyanyua vitu vizito.

Usiache kimojawapo kwa sababu hiyo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, metformini ilipunguza wanaougua kwa asilimia 31, na mabadiliko ya chakula na mazoezi kwa asilimia 58. Miguu yako ina nguvu kuliko kidonge. Mwenye kisukari tayari anahitaji vyote.

Inapunguza uzito?

Kidogo, kilo chache tu. Sehemu ya sababu ni homoni iitwayo GDF15, ambayo seli hutoa zinapokuwa kwenye msukosuko, na utumbo uliobanwa na metformini huitoa kwa wingi. Homoni hii hufika sehemu ya nyuma ya ubongo na kukata hamu ya kula.

Ni kweli inatokana na mmea?

Asili yake ni huko. Mmea uitwao *Galega officinalis* ulitumika Ulaya tangu zama za kati, na una kemikali zinazoshusha sukari. Metformini yenyewe ilitengenezwa maabara mwaka 1922 huko Dublin na Emil Werner na James Bell. Mmea huo usiutafute: ni sumu kwa mifugo, na dozi yake haipimiki.

Naweza kuitumia ili niishi miaka mingi, ingawa sina kisukari?

Wapo watafiti wanaolichunguza wazo hilo kwa dhati, kwa kuwa seli inayobana matumizi hufanana kwa mambo kadhaa na seli ya mnyama anayelishwa kidogo. Lakini kwa mtu asiye na kisukari hakuna ushahidi wa kutosha wa kumwandikia. Na ukizingatia yale matokeo ya mazoezi, mtu mwenye afya anayefanya mazoezi anaweza kuwa anajinyima kitu.

Tangu jana natapika na kuhara. Niendelee kumeza?

Hapa ndipo maelezo yote ya juu yanapogeuka kuwa jambo la kufanya. Ukitapika na kuhara unapoteza maji. Damu inayofika kwenye figo inapungua, uchujaji unashuka, na dawa inaanza kubaki. Wakati huo huo tishu zinazopata damu kidogo zinatoa laktati zaidi, na ini lililobanwa ndilo linalotakiwa kuipokea. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kusimamisha metformini kwa muda wakati unapoishiwa maji mwilini, na kuirudia ukiwa umeshakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Kama unatumia pia insulini, hiyo usiisimamishe kwa uamuzi wako. Piga simu kwa anayekutibu. Endelea kupima sukari, kunywa maji kidogo kidogo yenye chumvi ya kurudisha maji mwilini, na kama hakuna kinachokaa tumboni nenda kituo cha afya. Ukifika, kabla hujaulizwa, sema mambo matatu: natumia metformini, kidonge cha mwisho nilimeza saa fulani, na mkojo mara ya mwisho nimepata lini.